Kusimamisha Gari Bukavu: Historia ya Barabara, Alama na Amandi

Bukavu, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya vilima na rasi zinazochomoza ndani ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na sura hiyo ya ardhi iliamua magari yasimame wapi kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Barabara za lami ni chache. Zinafuata migongo ya vilima, upande mmoja zikipakana na kingo za udongo, upande wa pili mfereji au mteremko, na mahali pengi hapana nafasi ya pembeni ambapo gari linaweza kujiweka bila kuingia njiani. Mji wa tambarare wenye njia nyingi zinazokingamana humpa dereva njia ya pili pale ya kwanza inapozibwa; Bukavu haina ukarimu huo. Lori moja likipakua saruji pasipostahili karibu na mtaa wa Nyawera, wanaochelewa kazini si wakazi wa Nyawera peke yao. Ndiyo maana jambo la kuegesha, ambalo kwingine ni raha au usumbufu wa mwenye gari tu, hapa limekuwa tangu zamani jambo la mji mzima kupita au kukwama.

Kituo cha kikoloni kilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1927 kikapewa jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans aliyewahi kuwa makamu wa gavana mkuu wa Dola Huru ya Kongo, na mwaka uliofuata likaundwa Comité National du Kivu, shirika lililokabidhiwa ardhi kubwa na kazi ya kuleta walowezi. Wakaja wakulima wa kahawa, chai na kwinini, na pamoja nao wakaja mafundi, wafanyabiashara na motokaa. Reli ya Kivu ilikuwa fupi: ilitoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, ikaishia Kamanyola katika bonde la Ruzizi. Kutoka hapo mizigo ilipanda milima kwa malori hadi Costermansville, kisha ikasambazwa mashambani. Mji uliishi kwa magurudumu ya mpira, na barabara yake kuu, avenue Royale, ambayo baada ya uhuru ilikuja kuitwa avenue Patrice Emery Lumumba, ilipangwa kwa upana uliotosha magari ya wakati ule. Maduka, ofisi na mahoteli yaliyojengwa kando yake, mengine kwa mtindo wa art deco unaoonekana mpaka leo, yalitazama barabarani moja kwa moja, na mteja aliteremka mlangoni.

Upana huo haukugawiwa kwa wote. Sehemu ya Ibanda ilikuwa ya Wazungu. Kadutu ilitengwa kwa Wakongo. Na Bagira ikajengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1952 kujenga nyumba za wafanyakazi Waafrika. Majumba ya Muhumba na Nguba, mitaa ya Ibanda, yalikuwa na gereji na njia ya gari ndani ya ua. Viwanja vya Kadutu vilipimwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu, kwa kuwa mpangaji wa mji hakumtazamia karani au fundi wa Kikongo kumiliki motokaa. Kosa lile la hesabu, ambalo kwa kweli lilikuwa sera, bado linaonekana: soko kubwa la Kadutu, linalopokea mizigo kutoka mashambani na kutoka ng'ambo ya mpaka, liko katika sehemu ya mji ambayo haikuachiwa nafasi ya lori kugeuza, sembuse kuegesha. Anayewalaumu wachuuzi na madereva wa Kadutu kwa kuziba njia anapaswa kuanza na ramani ya kikoloni.

Sheria za barabarani za enzi hizo zilitoka Brussels na Léopoldville. Kongo, kama Ubelgiji, iliendesha upande wa kulia, tofauti na Uganda, Kenya na Tanganyika za Waingereza. Alama nazo zilifuata mwenendo wa Ulaya, ambako mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 ulikuwa umeanza kuzifanya zifanane kati ya nchi na nchi. Polisi waliozisimamia waliitwa polisi wa roulage, na jina hilo halijatoka vinywani mwa watu ingawa idara yenyewe imebadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 1958 Bukavu, iliyokuwa imekwisha kurudishiwa jina lake la asili, ilipata hadhi ya jiji lenye makomini. Utawala wa mitaa yake ukawa na wenyewe: meya kwa jiji, bourgmestre kwa komini. Huo ndio mzizi wa mgawanyiko unaowasumbua madereva hata sasa, kwamba sheria ya kusimama ni ya taifa lakini mtaa wa kusimama ni wa jiji.

Miaka kumi na mitano iliyofuata haikuwa ya kutunza alama. Uhuru ulipatikana mwaka 1960. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliushambulia mji, na jeshi lililoongozwa na Léonard Mulamba likawarudisha nyuma. Uwanja unaoitwa Place Mulamba unamkumbuka. Kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967 mamluki wa Jean Schramme waliikalia Bukavu, na walipoondoka kuvuka kuingia Rwanda waliacha mji uliopigwa mabomu na kuporwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni, na maduka ya avenue Lumumba yakabadilisha wenye mali. Baada ya hapo vipuri na magari mapya vikawa adimu mwaka hadi mwaka. Na bati zuri la alama lililosimikwa kando ya barabara lina kazi nyingi katika mji maskini: hufaa paa, hufaa mlango wa kibanda, hufaa jiko.

Katika kipindi hichohicho cha uchakavu ndipo nchi ilipopata sheria yake kamili zaidi. Mwaka 1977 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga na mikataba miwili iliyotiwa saini Vienna mwaka 1968, mmoja juu ya mwendo wa barabarani na mwingine juu ya alama zake. Tarehe 30 Agosti 1978 ikatolewa sheria namba 78-022, inayojulikana kama Code de la route mpya. Ilikuwa mpya wakati huo. Hata leo, takriban nusu karne baadaye, inaitwa hivyo, na polisi wa barabarani huitaja anapoandika kosa. Aliyesoma mikataba ya Vienna ameshika msingi wa yale ambayo dereva wa Kongo anatakiwa kuyajua.

La kwanza ni tofauti kati ya kusimama na kuegesha. Gari limesimama pale linapokaa kwa muda unaohitajika tu kupandisha au kushusha watu, au kupakia na kupakua vitu. Likikaa zaidi ya hapo, bila kulazimishwa na foleni, kizuizi au amri ya sheria, limeegeshwa. Kinachoamua ni shughuli na muda wake. Kuwepo kwa dereva ndani ya gari hakubadilishi kitu. Hapa ndipo wengi wanapokamatwa wakiamini wameonewa. Dereva anayengoja ndugu yake mbele ya benki, injini ikinguruma na mikono ikiwa juu ya usukani, hudai kwamba hakuegesha kwa sababu hakushuka. Mbele ya mkataba, ameegesha.

Tofauti hiyo ndiyo inayozipa maana alama mbili zinazofanana. Diski ya bluu yenye ukingo mwekundu na mstari mmoja mwekundu wa mshazari inakataza kuegesha. Kushusha abiria kunaruhusiwa. Diski ileile ikiwa na mistari miwili iliyokatana msalaba inakataza hata kusimama. Zote mbili zinahusu upande wa barabara ziliposimikwa peke yake, kuanzia usawa wa alama hadi njia inayofuata inapoingia, isipokuwa kibao kidogo chini yake kiseme vingine kwa mshale, umbali au saa. Kuna pia diski zenye mstari mmoja mweupe uliosimama wima au miwili: ya kwanza inakataza kuegesha siku za tarehe witiri, ya pili siku za tarehe shufwa, njia ya zamani ya kugawa pande za barabara nyembamba kwa zamu. Ubao wa bluu wenye herufi P nyeupe unaruhusu kuegesha. Mstari wa njano uliochorwa ukingoni mwa barabara unakataza au unawekea mipaka, na hauhitaji nguzo wala bati.

Lakini sehemu yenye uzito kwa Bukavu ni ile isiyohitaji alama kabisa. Kanuni za Vienna zinakataza gari kusimama au kuegeshwa juu ya kivuko cha waenda kwa miguu. Zinakataza kusimama karibu na kilele cha mlima na kwenye kona ambako wanaokuja hawaonekani, na Bukavu ni mji wa vilele na kona. Zinakataza kusimama kando ya mstari wa katikati usioruhusiwa kuvukwa pale nafasi kati ya mstari na gari inapokuwa chini ya mita 3. Zinakataza kusimama mahali ambapo gari litaficha alama au taa. Kuegesha kunakatazwa pia karibu na njia panda na vituo vya mabasi, mbele ya mlango wa gari wa nyumba ya mtu, na mahali popote ambapo gari jingine lililoegeshwa kihalali litashindwa kutoka. Magari mawili hayaruhusiwi kukaa ubavu kwa ubavu barabarani. Pikipiki zisizo na kigari cha pembeni zinaruhusiwa. Na dereva anatakiwa kusimama upande wa mwelekeo wake, yaani kulia, karibu na ukingo iwezekanavyo, akiacha gari katika hali ambayo haliwezi kuteremka lenyewe wala kuchukuliwa na asiye mwenyewe. Sharti hilo la mwisho linasomeka kama tahadhari ya kawaida mpaka msomaji aikumbuke barabara inayotoka Kadutu kuteremka mjini: jiwe lililowekwa nyuma ya gurudumu kule ni sehemu ya utii wa sheria.

Kanuni hizi zisizo na bati ndizo zilizonusurika. Alama zilipopungua mitaani, madereva wengi walizoea kufikiri kwamba pasipo na alama pana ruhusa. Sheria ilifikiri kinyume: alama huongeza makatazo juu ya yale ambayo yapo tayari. Kwa maneno ya kazi, katika mji wenye alama chache mwenye gari hupunguza hatari ya amandi, yaani faini, kwa kusoma barabara yenyewe, yaani kona, mlima, kivuko, geti na kituo, kuliko kwa kutafuta nguzo.

Amandi ina historia yake, nayo ni ya ajabu kuliko ya alama. Sarafu ya zaire ilipoanzishwa mwaka 1967 moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Sheria ya 1978 iliandikwa kwa sarafu hiyo, wakati ilipokuwa imekwisha kuanza kuteremka. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Faranga moja ya 1998 ilibeba, kwa hiyo, zaire bilioni 300 za wakati sheria ilipoandikwa. Hakuna adhabu ya fedha inayoweza kuvuka hesabu kama hiyo ikabaki na makali. Serikali ilirekebisha hali hiyo kwa kupandisha viwango kupitia maamuzi ya mawaziri, yanayobadilika, na matokeo yake ni kwamba kosa linapatikana katika kitabu kimoja na bei yake katika karatasi nyingine ambayo wachache wameiona. Mazungumzo mengi ya pembeni kati ya polisi na dereva yanazaliwa katika nafasi iliyopo kati ya karatasi hizo mbili.

Vita vya miaka ya 1990 vilibadilisha idadi na aina ya magari. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Bukavu kwa wingi mkubwa. Oktoba 1996 mji ulitekwa na majeshi ya waasi wa AFDL na washirika wao. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera tarehe 29 ya mwezi huo, na uwanja wa pale sasa una jina lake. Kuanzia 1998 hadi 2003 mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, umekatwa na Kinshasa na kufungamana na masoko ya mashariki. Magari yaliyotumika yaliletwa kutoka Dubai na Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam, mengi yakiwa na usukani upande wa kulia, yaliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto.

Jambo hilo, ambalo huonekana kuwa la dereva peke yake, liligeuza maana ya kituo. Basi dogo la Kijapani lina mlango wa abiria upande wa kushoto. Katika nchi inayoendesha kulia, likisimama vizuri ukingoni kama sheria inavyotaka, mlango unafunguka katikati ya barabara, na mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi anashuka mbele ya magari yanayopita. Dereva ana uchaguzi kati ya kutii kanuni ya ukingo na kuhatarisha abiria, au kutafuta uwanja, kichochoro au upande wa pili ambako mlango utaelekea mahali salama. Nusu ya kile kinachoitwa utovu wa nidhamu wa taksi za Bukavu inaelezwa na mlango huo. Nusu nyingine, ni haki kusema, ni utovu wa nidhamu.

Baada ya vita zikaja pikipiki. Mji wa vilima wenye barabara mbovu ulizipokea haraka, na wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wakawa wasafirishaji wakuu wa mitaa ambayo taksi haiwezi kupanda. Pikipiki haihitaji nafasi kubwa, lakini pikipiki thelathini zinazongoja abiria kwenye njia panda zinahitaji. Hapo ilikua desturi isiyo na sura katika Code de la route: parkingi, yaani mahali ambapo kundi la wamotari au la taksi limekubaliana kukaa, likiwa na kiongozi, zamu na mchango wake. Place Mulamba, Place du 24, Nyawera, Essence na mahali panapoitwa Feu Rouge si majina ya ramani tu. Ni mahali ambapo watu hupandia na kushukia. Mgeni mwenye gari lake binafsi anayeegesha katika nafasi ya kundi hataona alama yoyote ya kumkataza, ila ataelezwa kwa sauti. Desturi hii haina nguvu ya sheria, lakini inaheshimiwa, na katika mji ambao michoro ya njano imefutika ndiyo iliyobaki ikipanga safu. Chama cha madereva, ACCO, husimama kati ya makundi haya na mamlaka, hasa pale kodi na ukamataji vinapozidi na madereva wanapoamua kuacha magari nyumbani.

Mamlaka zenyewe ni zaidi ya moja, na hapa ndipo dereva makini anapohitaji kutofautisha. Polisi wa barabarani, PCR, ni tawi la Polisi ya Taifa ya Kongo iliyoundwa mwaka 2002. Kazi yake ni kosa. Jiji na jimbo hukusanya ushuru. Kazi yao ni mapato. Katiba ya 2006 na sheria za ugatuzi za 2008 ziliyapa majimbo na miji mapato yake, na sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 ikaorodhesha kodi na ushuru ambao jimbo na miji vinaweza kutoza. Katika Kivu Kusini, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2025, idara ya mapato ya jimbo ilikuwa DPMER. Mtoza ushuru wa jiji, kwa upande wake, huuza jetoni, kikaratasi cha siku kinachoonyesha kwamba gari la biashara limelipia matumizi ya mahali pa umma.

Jetoni hainunui ruhusa ya kuvunja sheria. Aliyelipia siku nzima akaegesha juu ya kivuko ana kosa lilelile la asiyelipa. Kinyume chake pia ni kweli: polisi hana kazi ya kudai jetoni, na mtoza ushuru hana kazi ya kuandika kosa la barabarani. Kuchanganywa kwa kazi hizi mbili kando ya barabara, mara nyingine na watu wasiovaa sare yoyote, ndiko kunakomgharimu dereva zaidi kuliko kiwango cha amandi yenyewe.

Utaratibu wa kisheria wa amandi ni mrefu na wa karatasi. Kosa huandikwa, likitaja mahali, saa na kifungu. Afisa mwenye mamlaka ya upelelezi wa makosa anaweza kulimaliza kwa malipo ya maelewano bila kwenda mahakamani. Dereva asiyekubali kosa ana haki ya kuliacha lifike mahakama ya amani. Malipo ni ya hazina ya taifa, kupitia hati inayotolewa na idara ya mapato ya kiutawala, DGRAD, na fedha, hadi Februari 2025, zilipelekwa benki. Asilipwe mtu mkononi: hiyo ndiyo roho ya utaratibu wote. Pamoja na kosa lenyewe hukaguliwa leseni, kadi ya gari, bima na vinyeti ya mwaka, yaani kibandiko cha kodi ya gari, na gari lililoegeshwa vibaya mara nyingi huwa sababu ya kuanza ukaguzi ambao kosa lake kubwa linapatikana kwenye karatasi, si barabarani. Bima ilikuwa kwa miongo mingi ya kampuni moja, SONAS ya serikali, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko.

Namna utaratibu huo unavyopindishwa imechunguzwa kwa kina Kinshasa. Utafiti wa kundi la wachumi na wanasayansi wa siasa, wakiwemo Raúl Sánchez de la Sierra na Kristof Titeca, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wakuu wa polisi wa barabarani wa mji mkuu huwapangia askari idadi ya madereva wa kuwafikisha kituoni kila siku, na kwamba mapato halisi yalikuwa karibu mara tano ya yale ya faini. Takwimu za Kinshasa haziwezi kuhamishwa Bukavu kama zilivyo. Hata hivyo zinaeleza jambo ambalo dereva wa Bukavu hulitambua: askari anayesisitiza gari liende kituoni badala ya kuandika kosa pale pale huenda anatimiza hesabu aliyopewa asubuhi. Katika hali hiyo ujuzi wa kifungu una thamani ya fedha, kwa sababu mazungumzo yanabadilika pale dereva anapouliza ni kanuni gani iliyovunjwa na hati ya malipo itatoka wapi.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, umbali wa kutembea kwa miguu, Rwanda imechukua njia ya mashine: kosa huingizwa katika mfumo na hulipwa kwa simu au benki. Dereva wa Bukavu anayevuka daraja kwenda wilaya ya Rusizi anaendelea kuendesha kulia na kuziona alama zilezile, lakini nafasi ya kujadiliana imetoweka. Tanzania na Kenya nazo zimehamishia sehemu kubwa ya malipo ya maegesho kwenye simu, ingawa huko katiba na sheria zimegawa kazi kwa namna yake: nchini Kenya, tangu katiba ya 2010, maegesho ya mitaani ni kazi ya kaunti.

Bukavu kwenyewe, wenye nyumba wamejitungia alama zao. Kwenye mageti na kuta za Ibanda hupakwa kwa rangi nyekundu au nyeusi maneno ya Kifaransa yanayokataza kuegesha, jirani na yale yanayokataza kukojoa na yale yanayotangaza kwamba kiwanja hakiuzwi. Yaliyoandikwa kwenye geti yanarudia tu kile ambacho sheria imekwisha kusema, kwa kuwa mlango wa gari haufungwi na gari la mtu mwingine. Yaliyoandikwa kwenye ukuta mtupu, ili kuhifadhi nafasi ya barabara kwa wateja wa duka au kwa gari la bwana, hayana nguvu hiyo: barabara si ya mwenye ukuta, na ni mamlaka pekee inayoweka alama. Wengi huyatii hata hivyo, kwa adabu au kwa kuhofia matairi.

Jibu jingine la mji limekuwa kuingiza magari ndani. Viwanja vya parokia, shule, hoteli na vituo vya mafuta hupokea magari ya usiku, kwa malipo au kwa kufahamiana, na mlinzi hupewa chochote asubuhi. Nyumba mpya zilizobanana Nguba na Muhumba zimekula bustani nyingi za zamani, na mara nyingi kilichoachwa wazi ndani ya ukuta ni nafasi ya gari mbili. Wakati mji ulipojengwa watu wake walihesabiwa kwa maelfu. Makadirio ya miaka ya karibuni yanazidi milioni moja, na barabara kuu ni zilezile.

Katikati ya Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Utawala mpya ukateua viongozi wake wa jimbo, na mabenki yakafunga milango. Utaratibu wa amandi uliojengwa juu ya hati ya DGRAD na dirisha la benki ukapoteza dirisha hilo, na mgawanyiko wa zamani kati ya mamlaka ya taifa inayomiliki kosa na mamlaka ya mahali inayomiliki mtaa ukachukua sura ambayo waandishi wa sheria ya 1978 hawakuiwazia. Alama zenyewe hazikuguswa na mabadiliko hayo. Diski ya mstari mmoja inakataza kuegesha, ya mistari miwili inakataza kusimama, na kona ya kuteremkia ziwani inakataza vyote viwili bila bati lolote.